Betri Iliyoanikwa Juani: Kuwasha LED Nyeupe kwa Volti Moja

Redio inaanza kukoroma, betri zinatolewa, zinaanikwa juu ya bati au kwenye ukingo wa ukuta. Jioni zinarudishwa na redio inaimba tena, nusu saa, pengine saa nzima. Hapa Tanga, katika nyua za Ngamiani kuanzia barabara ya kwanza hadi ya ishirini na moja, utaratibu huo unajulikana, na wapo vijana wanaouona kuwa ushirikina wa wazee. Si ushirikina. Joto huchangamsha kemikali zilizomo ndani ya betri na kushusha ukinzani wake wa ndani kwa muda. Jua halikuongeza kitu. Kitu kilikuwamo tangu asubuhi, ila betri ilishindwa kukitoa kwa kasi ambayo redio iliitaka.

Saketi ninayoieleza hapa imejengwa juu ya jambo hilo hilo. Betri tunayoiita imekufa, imekufa kwa kifaa fulani tu. Ibadilishie kazi, idai kidogo kidogo, nayo itatoa mwanga wa kumulika ukumbi usiku au kusomea kurasa kadhaa kitabu kikiwa karibu. Vifaa ni vinne: transista (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), rezista (inayopunguza mkondo), koili (waya uliozungushwa) na LED, taa ndogo ya kielektroniki. Kwa Kiingereza saketi hii huitwa Joule Thief, yaani mwizi wa jouli, jouli ikiwa kipimo cha nishati. Umbo linalojulikana leo lilichapishwa mwaka 1999 katika jarida la Uingereza la Everyday Practical Electronics, ingawa kanuni yake ni ya tangu enzi za valvu, mirija ya kioo iliyotangulia transista.

Wengi wakiisoma mara ya kwanza hukimbilia kuuliza transista gani ni bora. Kwa maoni yangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni koili. Transista yoyote nzima ya aina ya NPN yenye kuzidisha mkondo vizuri itafanya kazi, lakini koili mbovu haisaidiwi na transista ya bei yoyote.

Kinachotokea ndani

LED nyeupe inahitaji volti 3 hadi 3.4. Haifanani na balbu ya tochi ya zamani ambayo ilififia taratibu betri ikiisha. Hii chini ya volti 2.5 hivi haikupi mwanga wa maana hata kidogo. Betri ndogo ya AA, ile ya rimoti, ikiwa mpya ina volti 1.5, na ile iliyotupwa mara nyingi huwa kati ya 0.9 na 1.3. Kwa hiyo lazima volti zipandishwe, na koili ndiyo inayozipandisha.

Koili ina tabia ya mkokoteni wenye mzigo: kuuondoa mahali ulipo ni kazi, na ukishashika kasi kuusimamisha ghafla ni kazi zaidi. Transista inapofunguka (yaani inaporuhusu umeme upite), mkondo unaanza kupanda polepole ndani ya koili. Ikifunga ghafla, mkondo hautaki kukatika, koili inasukuma volti juu mpaka ipatikane njia nyingine, na njia iliyobaki ni LED tu. Volti inapanda yenyewe hadi pale LED inapokubali kuwaka.

Chukua koili ya mikrohenri 100 (kipimo cha uwezo wa koili) na betri ya volti 1.2. Mkondo utapanda kwa miliampea 12 kila mikrosekunde. Baada ya mikrosekunde 10 umefika miliampea 120. Transista ikifunga hapo, na LED ikiwa ya volti 3.2, koili inabaki na volti 2 za kushindana nazo, hivyo mkondo unashuka kwa miliampea 20 kila mikrosekunde na kuisha baada ya mikrosekunde 6. Mzunguko mzima ni mikrosekunde 16, zaidi ya mara elfu 62 kwa sekunde, na jicho haliwezi kuona kupepesa huko. Ukipiga wastani, LED inapata kama miliampea 22 na betri inatoa 60. Zidisha kila upande kwa volti zake, utapata miliwati 72 kotekote. Hayo ni mahesabu ya karatasini. Kwenye meza, transista, waya na feraiti (pete ya kauri yenye chuma inayozungushiwa waya) hula chao, na ukiona theluthi mbili ya nishati imefika kwenye LED umefanya kazi nzuri. Wanaosema saketi hii inazalisha umeme wa bure hawajawahi kupima upande wa betri.

Nani anaiambia transista ifungue na ifunge? Koili yenyewe. Ina nyuzi mbili zilizozungushwa pamoja kwenye pete moja. Uzi wa kwanza unakwenda kolekta, mguu wa transista unaopokea mkondo; wa pili unakwenda besi, mguu unaoiamuru transista, kupitia rezista. Mkondo unapopanda kwenye uzi wa kwanza, uzi wa pili unaongeza volti kwenye besi na transista inafunguka zaidi. Inafika mahali besi haina tena nguvu ya kushikilia mkondo uliopanda, au feraiti imeshiba sumaku. Hapo mambo yanageuka, uzi wa pili unaivuta besi chini na transista inafunga kwa kishindo. Koili ikishamaliza kujimwaga kwenye LED, safari inaanza upya.

Koili

Pete nzuri na ya bure imo ndani ya taa za enaji seva zilizoungua, zile za mrija uliojipinda. Katika meza za mafundi wa Ngamiani na kwenye chakavu za jirani na soko la Mgandini hazikosekani. Lakini sikiliza kwanza. Ndani ya kitako chake kuna kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) ya volti 400, na kwa umeme wetu wa volti 230 huchajiwa hadi volti 325 hivi. Taa iliyochomolewa sasa hivi inaweza kukupiga vibaya. Iache kwa saa kadhaa, fungua kitako kwa bisibisi bapa bila kuukandamiza mrija, kisha unganisha rezista ya kiloomu 10 kwenye miguu miwili ya kapasita kwa sekunde chache, ukiishika kwa koleo lenye mpira. Hakikisha kwa mita kwamba imesoma karibu na sifuri kabla hujagusa chochote. Mrija wenyewe usiuvunje, una zebaki. Ukivunjika, fungua madirisha, toka nje kwa dakika kumi au zaidi, kisha zoa vipande kwa karatasi ngumu, si kwa mikono mitupu wala kwa ufagio.

Kwenye bodi utaona pete ndogo, nyeusi au ya kijani, upana wake kama kifungo cha shati, milimita 10 hivi, imezungushwa nyaya tatu fupi. Hiyo ndiyo unayoitaka. Transista mbili zilizo karibu nayo, zenye namba kama 13001 au 13003, ziache. Zimetengenezwa kwa volti kubwa na kuzidisha kwake ni kudogo. Kwenye volti moja zitakusumbua bure.

Usichanganye pete hii na ile ya manjano yenye upande mweupe inayotoka kwenye pawa saplai za kompyuta. Ile ni unga wa chuma, haishiki sumaku kwa wepesi wa feraiti, na ukiizungushia raundi zile zile utapata koili dhaifu mara nyingi. Uwezo wa koili unakua kwa kipeo cha pili cha raundi: kwenye pete ambayo raundi moja inatoa mikrohenri 1, raundi 10 zinatoa 100 na raundi 20 zinatoa 400. Kwa sababu hiyo kosa la raundi mbili tatu si msiba, lakini kosa la aina ya pete huharibu kila kitu.

Waya uwe wa shaba uliopakwa vanishi, unene wa milimita 0.2 hadi 0.3. Mafundi wa kusuka mota hubakiwa na vipande vya namna hii. Kata viwili vya sentimita 40, na ikiwezekana viwe vya rangi mbili tofauti. Vishike pamoja kama uzi mmoja, viingize kwenye tundu la pete na uzungushe raundi 15, ukizipanga zijae duara lote badala ya kuzirundika upande mmoja. Kila mara waya unapopita ndani ya tundu ni raundi moja. Wengi huhesabu nje na kupungukiwa. Vuta kwa kukaza kiasi tu. Kingo za feraiti ni kali, zinachuna vanishi, na nyaya mbili zikigusana shaba kwa shaba umepata koili isiyowasha kamwe, na kosa lake huwezi kuliona kwa macho. Kabla ya kuanza, pitisha msasa laini kwenye kingo za ndani za pete, mara mbili tatu zinatosha.

Ukiwa na pete kubwa, ya milimita 20 na kuendelea, usihangaike na vanishi. Vunja kipande cha kebo ya mtandao wa kompyuta, ndani yake kuna jozi nne za nyaya zilizokwisha kusokotwa pamoja, kila moja ya milimita 0.5, zenye rangi tofauti. Jozi moja ya sentimita 70, raundi 12, kazi imekwisha.

Kuunganisha

Sasa una ncha nne: mwanzo na mwisho wa waya mwekundu, mwanzo na mwisho wa waya wa kijani, tuseme. Chukua mwisho wa mwekundu na mwanzo wa kijani, uziunganishe. Muungano huo unakwenda kwenye chanya ya betri. Mwanzo wa mwekundu unakwenda kolekta. Mwisho wa kijani unakwenda kwenye rezista ya kiloomu 1, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu, na upande wa pili wa rezista unakwenda besi. Emita, mguu wa tatu wa transista, inakwenda hasi ya betri. LED inakaa kati ya kolekta na emita, mguu mrefu kolekta, mguu mfupi emita.

Vanishi lazima iondoke kwenye ncha, sentimita moja kila upande. Kwangua kwa wembe mpaka shaba ing'ae pande zote, maana risasi ya kulehemu haishiki juu ya vanishi, hukaa tu kama tone la maji juu ya jani la mgomba na kukudanganya kuwa imeshika.

Kuhusu transista, napendelea BC337. Inabeba hadi miliampea 800 na haipotezi volti nyingi ikiwa wazi. S8050, inayojaa kwenye redio ndogo na vitu vya kuchezea vya Kichina, ni nzuri pia. BC547 itawasha, lakini kiwango chake cha kudumu ni miliampea 100, na tumekwisha kuona kwamba kilele chetu kinapita hapo. Tatizo kubwa zaidi ni mpangilio wa miguu. Ukiielekeza bapa kwako, miguu chini, BC337 na BC547 zinasomeka kolekta, besi, emita kutoka kushoto. S8050 na 2N3904 ni emita, besi, kolekta. C1815 na C945, ambazo zimo kwenye redio nyingi za zamani, ni emita, kolekta, besi. Mchoro uliouona umetumia moja, mkononi una nyingine, na jioni nzima inapotea.

Isipowaka

Kosa namba moja ni uelekeo wa koili. Ukiunganisha mwanzo na mwanzo badala ya mwisho na mwanzo, uzi wa pili unaizuia besi badala ya kuisaidia, na saketi inatulia kimya ikinyonya betri. Dawa ni kugeuza ncha mbili za uzi mmoja tu. Ukigeuza nyuzi zote mbili umerudi ulipokuwa. Kama nyaya zote ni za rangi moja, tumia mita kwenye mlio kujua ncha zipi ni za waya mmoja kabla ya kuunganisha.

Ikiwaka kwa kufifia hali betri ina volti 1.2 au zaidi, shuku rezista au ukinzani wa betri. Jaribu oomu 470 mahali pa kiloomu 1: mwanga utaongezeka, na ulaji pia. Ukitaka taa ya kukesha, nenda kinyume, kiloomu 4.7. Kisha weka kapasita ya mikrofaradi 100, ya volti 10 au zaidi, sambamba na betri, karibu kabisa na koili. Betri chovu ina ukinzani mkubwa na haiwezi vilele vya ghafla, lakini inaweza kuijaza kapasita taratibu, kisha kapasita ndiyo itoe kilele. Kwenye betri zilizochoka sana, kipande hiki kimoja hufanya kazi kuliko kubadilisha transista tatu.

Huna osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme? Chukua redio yenye AM, iweke sentimita kumi kutoka kwenye koili na uzungushe kitufe cha stesheni. Saketi inayotetema itasikika kama mluzi au ngurumo sehemu kadhaa za skeli. Zima, mluzi unakatika. Ukisikia mluzi na LED haiwaki, koili na transista ni nzima, tatizo ni LED imegeuzwa au imeungua. Bila mluzi, rudi kwenye koili. Ni kipimo cha bure na ninakiamini kuliko kuweka mita kwenye LED, kwa sababu mita za kawaida zikikutana na umeme unaokatikakatika kwa kasi hiyo husoma namba zisizo na maana.

Ukitaka volti za kupimika, weka diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kutoka kolekta, kisha kapasita ya mikrofaradi 10 ya volti 50, na LED baada yake. Diodi iwe 1N5819 au 1N4148. Ile 1N4007 inayopatikana kila duka haifai hapa; ni nzito kufunga, na kabla haijafunga umeme umekwisha kurudi ulikotoka. Wala usiwashe saketi bila LED. Koili haitapata pa kujimwaga, itapandisha volti hadi makumi, na S8050 imeandikiwa mwisho wa volti 25 tu.

Betri ipi inafaa

Volti peke yake haisemi kweli. Pima betri ikiwa tupu, yaani haijabeba mzigo wowote, kisha pima tena ikiwa imebeba rezista ya oomu 10. Ikisoma 1.3 tupu na 1.0 chini ya mzigo, mkondo ni miliampea 100 na ukinzani wa ndani ni oomu 3. Hiyo ina siku nyingi mbele yake. Ikianguka kutoka 1.2 hadi 0.5, ukinzani ni oomu 14, haifai kuipotezea risasi. Zilizotoka kwenye vitu vinavyonyonya sana, kama gari la kuchezea lenye mota, huwa zimebakiwa na mengi. Iliyotoka kwenye saa ya ukutani imekamuliwa polepole kwa muda mrefu na haina cha kukupa.

Saketi inahitaji kama volti 0.6 ili ianze, kwa sababu besi haifunguki chini ya hapo. Ikiwa tayari inawaka inaweza kuteremka hadi 0.5 au pungufu, uzi wa pili ukiisaidia besi, lakini ukiizima hapo haiamki tena. Betri za kuchaji usiziweke kabisa, zikishushwa kiasi hicho zinaharibika. Na usiunge mbili chovu kwa mfuatano: moja itaisha kwanza, na mwenzake ataisukuma kinyume.

Mwanga wenyewe ujulikane kiasi chake. Miliwati 70 zinatosha chooni usiku, kwenye tundu la ufunguo, kwa mgonjwa asiyetaka giza. Taa ya kuvulia dagaa inataka wati kadhaa, na hapo hakuna mjadala, ni betri kubwa na sola.

Hewa ya chumvi

Jambo ambalo michoro ya ng'ambo haisemi ni chumvi. Kuanzia Sahare hadi Raskazone, ufukweni mwa Tanga, shaba iliyoachwa wazi inageuka kijani, na springi za kishikio cha betri zinapata ukungu wa kutu. Oomu moja tu ya kutu, mkondo ukiwa miliampea 120, inakula volti 0.12, moja ya kumi ya betri yako. Kwenye redio ya volti 6 usingeona. Hapa unaona mara moja. Usifunge nyaya kwa kusokota. Lehemu kila muungano, futa utomvu wa risasi uliobaki kwa spiriti, kausha, kisha paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya viungo vyote isipokuwa pale betri inapogusa. Hapo sugua kwa msasa kila unapobadilisha betri.

Betri ikishafifia kabisa itoe siku hiyo hiyo, maana betri iliyokamuliwa hadi chini ndiyo inayotapika kwa urahisi zaidi. Ya alkalini hutoa unga mweupe wenye magadi makali. Matone machache ya ndimu kwenye pamba yanaukata, kisha futa kwa maji kidogo na ukaushe. Ya kawaida ya kaboni hutoa maji ya uchachu, hiyo ndimu haiisaidii, tumia soda ya kuokea iliyokorogwa na maji. Angalia maandishi ya betri kabla ya kuchagua, na shika kwa kitambaa.